Bentonville, Arkansas: nimeenda kuona kwao mwenye mzigo

Mi ni dereva wa lori hapa Texas, huu mwaka wa sita nabeba mizigo inayoenda kwenye maghala ya Walmart, ile kampuni kubwa ya maduka, na hili jina Bentonville, mji yalipo makao makuu yao, nalikuta kwenye makaratasi mpaka likanikaa kichwani kama jina la shemeji ambae hujawahi kumuona. Sasa mwezi wa kumi nimepata siku tatu za kupumzika nkasema ngoja niende na gari ndogo, bila trela nyuma, nkaone kuna nini huko. Kutoka Dallas ni kama masaa matano na nusu, unakatiza Oklahoma ambayo ni tambarare tu mpaka unasinzia, halafu ukishaingia Arkansas vilima vinaanza na miti yote imegeuka nyekundu na njano, hapo usingizi unaisha wenyewe.

Kosa la kwanza ni langu. Nimefika Jumatatu usiku, nkapanga kesho yake asubuhi niende Crystal Bridges, ile makumbusho kubwa ya sanaa, kumbe Jumanne hawafungui. JUMANNE HAMNA, andika mahali. Nkabaki nazurura katikati ya mji, na kusema ukweli sikujuta.

Pale kati kuna bustani ndogo, na upande mmoja wa barabara kuna duka la zamani la Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, mbele limeandikwa Walton's 5&10, sikuhizi ndo makumbusho ya Walmart na kuingia ni bure. Nilidhani ntatoka baada ya dakika kumi, nimekaa saa zima na zaidi, maana hadithi ya huyu mzee ni Kariakoo kabisa. Alianza na duka mji mwingine wa hukohuko Arkansas unaitwa Newport, mwaka 1945, akalikuza vizuri, mkataba wa pango ulipoisha mwenye jengo akagoma kumuongezea, anataka fremu ampe mwanae. Nani kwetu hajawahi kuisikia hiyo? Mzee akafungasha akaja Bentonville 1950, kamji ka watu elfu 3 hivi, akaanza upya. Walmart ya kwanza yenyewe ilifunguliwa 1962 na wala sio hapo, ni Rogers, mji wa jirani. Pikap yake pia ipo, Ford ya 1979, alikuwa anabebea mbwa wake wa kuwinda wakati tayari ni bilionea. Na kama uliwahi kununua feni au friji pale Game ya Mlimani City basi hela yako nayo ilipita kwa hawa jamaa, maana Walmart walichukua hisa nyingi za Massmart wenye Game mwaka 2011.

Haya, baiskeli. Huu mji baiskeli ndo dini ya pili. Wajukuu wawili wa mzee Walton wanapenda mchezo wa baiskeli za milimani, na hela ya familia imemwagwa kwenye njia za msituni mpaka mji unajiita makao makuu ya dunia ya huo mchezo. Njia zinaanzia karibu kabisa na pale kati, na kuzitumia hulipi senti. Kuna jengo la maofisi linaitwa Ledger, ghorofa sita, limejengewa njia nje ya ukuta inayopanda kwa zigizaga, yaani mtu anaendesha baiskeli kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa ofisi yake ghorofa ya sita. Nimesimama chini nimekodoa macho kama mtoto.

Nkakodi na mi (duka silitaji kwa sababu ya hii inayofuata). Kijana kaniuliza urefu wangu, kanirekebishia siti, kanipa helmeti, kanionyesha ramani: kijani rahisi, bluu wastani, nyeusi muachie mwenye bima nzuri. Kitu kimoja hajaniambia. Mi nimejifunzia baiskeli Morogoro kwenye Phoenix ya babu, breki ya mbele mkono wa kulia, ya nyuma kushoto, na mkono ushajua hivyo miaka thelathini. Marekani ni kinyume! Kushoto ndo mbele. Sasa niko kwenye njia za Slaughter Pen, na hilo jina maana yake zizi la kuchinjia kwa hiyo siwezi kusema sikuonywa, nashuka kakilima, naona kona yenye jiwe, nkabana mkono wa kushoto kwa nguvu zote nikijua nabana tairi la nyuma. Tairi la mbele likasimama palepale, mi nkaendelea na safari peke yangu juu ya usukani mpaka kwenye majani makavu. Kiwiko kimechubuka, simu nzima, watoto wawili wa miaka kama tisa wakapita wananiuliza kama niko sawa bila hata kushusha mguu. Niliporudi nkamwambia yule kijana akasema ah, wageni wengi inawatokea. Sasa kaka kama unajua si useme!

Jumatano Crystal Bridges. Kuingia bure, Walmart ndo wanalipia, unalipa labda ukitaka maonyesho maalum. Kaijenga Alice Walton, binti wa mzee, ilifunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011, na mchoraji wa majengo ni Moshe Safdie, kaweka kumbi kwenye bonde la msitu juu ya mabwawa ya maji, ukichoka picha unageuka unaangalia maji. Kabla hujaingia unakutana na buibui wa shaba, urefu zaidi ya mita 9, kabeba mayai ya marumaru tumboni, kazi ya Louise Bourgeois na jina lake ni Maman, yaani Mama, alimtengenezea kumuenzi mama yake ambae alikuwa fundi wa kukarabati mazulia ya ukutani. Nkampigia mama video nkamwambia niko chini ya buibui linaitwa Mama, akaniuliza, la nani, mbona unavaa buibui huko? Nimecheka mpaka mlinzi kanigeukia.

Ndani nenda moja kwa moja kamuone Rosie, picha aliyoichora Norman Rockwell, yule mama wa kiwandani na sandwichi mkononi, mikono ile ni ya mpakia mizigo haswa. Nje kuna nyumba aliyoichora Frank Lloyd Wright, mchoraji majengo maarufu wa Marekani, waliyoibomoa kipande kipande New Jersey wakaja kuiunganisha hapa. Hela ikiongea bwana. Na hicho ndo kitu kidogo kilinikaa vibaya, kila kizuri unachogusa ukiuliza nani katoa ni ukoo uleule, hata hewa unahisi imelipiwa.

Vyakula pale kati bei juu, baga yangu imekuja imepoa, nisingerudi. Kahawa ya katikati ya msitu wa Coler, huko gari haifiki, unaenda kwa miguu au baiskeli, hiyo nenda. Na bila gari usije, basi za kubahatisha.

Aprili narudi na wife, yeye anamtaka buibui, mi naitaka ile kona.