Cheni ya oringi, kilomita 23,400: uzoefu wangu

Nimeitoa jana jioni na sasa imelala kwenye beseni la mafuta ya taa, ingawa sina tena haja ya kuisafisha. Mazoea tu. Niliifunga mita ikisoma 31,150, nimeitoa ikisoma 54,550. Hizo ni kilomita 23,400 kwenye pikipiki ya cc 250, karibu nusu yake nikiwa na mabegi mawili ubavuni na mtu nyuma yangu. Asiyependa kusoma mengi achukue jibu hapa: ni nzuri, nimenunua nyingine ya aina hiyohiyo, na yale maneno ya herufi kubwa kwenye kasha lake, “haihitaji matunzo”, ni uongo.

Kabla yake nilitumia cheni ya kawaida isiyo na oringi, yaani vipete vidogo vya mpira kwenye pini zake. Kwa mizunguko ya kila siku haikunisumbua. Mwisho wa wiki unaipaka oili, unaikaza kidogo, maisha yanaendelea. Iliyonishinda ni safari ndefu. Siku tano barabarani, mbili kati yake za mvua, niliikaza mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa usiku nimeng'ata tochi mdomoni. Ilipofika kilomita 9,000 na ushee ilikuwa imekwisha, na meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, yameinamia upande mmoja kama mawimbi.

Tofauti ya cheni hizi mbili ni kitu kidogo mno. Pini, bushi (kijibomba kinachoivaa pini) na rola inayozunguka juu yake ni zilezile, muundo ambao Hans Renold aliubuni kule Manchester mwaka 1880, na mpaka leo hakuna aliyepata sababu ya kuuacha. Kilichoongezwa ni vipete vya mpira vinavyobanwa kati ya bamba la ndani na la nje, kila upande wa pini. Vinafungia grisi iliyowekwa kiwandani kati ya pini na bushi, na vinazuia maji na mchanga visipenye. Na hapo ndani ndipo cheni “inaporefuka”. Mabamba hayavutiki kama wengi wanavyodhani. Pini inaliwa, bushi inaliwa, kila pingili inapata mwanya usiouona kwa macho, na ukijumlisha mianya ya pingili mia na kitu unapata cheni inayoning'inia. Ya kwangu ina vipete vyenye umbo la X, vinavyogusa bamba kwa ncha nyembamba, hivyo haviburuzi sana kama vile vya duara.

Kuburuza kupo lakini. Siku ya kwanza nilipoisukuma pikipiki kwa mkono nilidhani breki imeshika. Nikarudi nyuma kuangalia, nikaona aibu peke yangu. Baada ya kilomita mia chache ikalainika, na ukiwa barabarani huhisi chochote.

Kilomita 10,000 za mwanzo niliikaza mara mbili tu. Mara mbili! Kwa mtu aliyezoea kubeba spana ya ekseli kama anavyobeba funguo, hiyo ni likizo. Pikipiki ikatulia, mlio ukapungua, gia zikaingia bila kugonga. Kama ningeandika maoni haya wakati ule ningeipa nyota tano na kuwacheka wanaonunua ya kawaida.

Halafu nikaiharibu mwenyewe.

Ilikuwa usiku wa kuamkia safari ya siku sita. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka cheni icheze milimita 30 hadi 40 katikati ya sehemu ya chini, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni bila mzigo. Nikajiambia, naenda mbali, nina abiria, nina mabegi, itakuwa inalegea njiani. Acha niikaze zaidi nisije nikahangaika. Nikaiacha kwenye milimita 18. Nilijiona mjanja.

Siku ya pili, baada ya kupumzika mchana, nikaanza kusikia mlio kama wa mtu anayesaga kokoto taratibu. Nyuma pikipiki imekuwa ngumu, kila shimo linapanda moja kwa moja mgongoni. Nikalaumu shokapu, nikalaumu mabegi. Tulikuwa wanne, tumejipanga kwa kupishana, mmoja kushoto na mmoja kulia ndani ya njia yetu, kila mtu akiacha sekunde mbili kati yake na aliye mbele yake moja kwa moja. Mpangilio huo huwa tunaufuata ili kila mmoja apate pa kukwepea. Siku hiyo ulinisaidia kwa namna nyingine: aliyekuwa nyuma yangu kwa upande wa kushoto alikuwa anaiona cheni yangu vizuri kabisa. Akanimulika taa mpaka nikasimama.

“Kaka, mbona cheni yako imekaza kama waya wa simu? Nani kakufungia?”

Sikumjibu.

Akamwambia abiria wangu arudi kukaa, nami nikae, kisha akainama na kuibonyeza kwa kidole. Haikucheza hata kidogo. Sifuri.

Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma una egemeo lake, na mara nyingi egemeo hilo halipo mahali pamoja na sproketi ndogo ya mbele. Pikipiki ikiwa tupu, ekseli ya nyuma inakuwa chini. Ukipanda, shokapu zinabonyea, ekseli inapanda, na inapofika kwenye mstari mmoja na egemeo pamoja na sproketi ya mbele, umbali kati ya sproketi mbili unakuwa mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Cheni isiyo na akiba ya kutosha haiwezi kufuata. Hapo inakuwa kama kamba iliyofungwa kati ya gurudumu na giaboksi, na kila shimo ni mvuto mmoja kwenye beringi. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya “mzigo mzito, kaza zaidi” ilikuwa kinyume kabisa. Mzigo ndio unaokaza cheni.

Tuliilegeza palepale, tukaendelea, ule ugumu wa nyuma ukaisha. Madhara hayakuisha. Tuliporudi nikakuta oili inavuja nyuma ya sproketi ya mbele. Sili ya shafti ya giaboksi ilikuwa imekufa na ikabidi ibadilishwe. Nayo cheni haikuwa ileile tena. Ikaanza kuwa na sehemu iliyokaza na sehemu iliyolegea ukiizungusha, na kuanzia hapo nikawa naikaza kila baada ya kilomita 1,500 hivi. Kiwanda hakina kosa hapo. Ila nalalamika kwamba karatasi iliyokuja ndani ya kasha, yenye herufi za kusomwa na sisimizi, haikutaja hata mara moja kwamba kipimo kiangaliwe pia ukiwa umekaa na mzigo wako.

Tangu siku ile napima hivi: gia huru, nazungusha gurudumu taratibu kwa mkono nikitafuta sehemu iliyokaza kuliko zote, na hapo ndipo natumia rula. Ukipima sehemu iliyolegea ukakaza kwa kipimo hicho, utakuwa umeibana ile nyingine. Nikimaliza, watu wawili wanakaa juu nami nahakikisha bado inacheza. Na zile alama zilizochorwa pande mbili za ekseli nimeacha kuziamini peke yake. Naenda nyuma, nafumba jicho moja, natazama kama cheni inaingia kwenye sproketi imenyooka.

Sasa kuhusu “haihitaji matunzo”. Grisi iliyofungiwa ndani ni ya pini tu. Rola kwa nje, meno ya sproketi na mabamba yenyewe havina ulinzi wowote, na mpira wa vipete ukikauka unapasuka. Oili unayopaka ni kwa ajili ya hivyo. Haiwezi kuingia ndani kuchukua nafasi ya grisi iliyotoka. Kipete kikishakufa, pini hiyo imekufa nacho. Mimi napaka kila kilomita 500 hadi 700, na kila baada ya mvua hata kama nilipaka jana.

Nimejaribu vilainishi vya aina tatu. Ile ya kopo inayonata kama gundi haitoki kirahisi, lakini mchanga unaganda juu yake na baada ya wiki una msasa unaozunguka. Ya nta ni safi na rimu yako inabaki inang'aa, ila mvua moja tu inaiondoa. Nimeishia kwenye oili ya gia ya kawaida, 80W-90, kwa brashi ndogo. Inarukaruka na kuchafua rimu, nakubali, na wapenda usafi watanisema. Lakini inatoka na uchafu wake, inapatikana popote, na vitabu vingi vya pikipiki vinaikubali. Napaka jioni nikifika, cheni ikiwa bado ya moto, upande wa ndani wa sehemu ya chini ili mzunguko uisukume nje kupitia rola. Usiku kucha inatulia. Asubuhi nafuta ziada kwa kitambaa. Wakati mmoja sikufuta, nikapaka nyingi na kuondoka papo hapo. Kona ya kwanza tairi la nyuma liliteleza kiganja kizima kabla halijashika tena. Nilikuwa peke yangu na mwendo ulikuwa mdogo, vinginevyo hadithi hii ingeandikwa na mwingine.

Kusafisha ni mafuta ya taa na brashi laini, basi. Petroli inaharibu mpira, brashi ya waya inauchana, na mashine ya maji ya nguvu inasukuma maji pale hasa ambapo vipete vinajaribu kuyazuia.

Na jamani, zima injini. Naona watu wanaweka gia ya kwanza, pikipiki kwenye stendi ya katikati, gurudumu linazunguka lenyewe, nao wameshika kitambaa. Kitambaa kinavutwa, kidole kinafuata. Namjua mmoja aliyeacha ncha mbili za vidole kwenye sproketi, na alikuwa fundi wa miaka mingi.

Kwenye kuunganisha, hii ilikuja na kiungo cha kugongea ripiti, siyo cha klipu. Unahitaji kifaa chake. Ukikosa, mpelekee mwenye nacho na usijaribu nyundo. Kwenye begi la safari nabeba kiungo cha ziada cha klipu, cha namba ileile, 520, chenye vipete vyake vinne. Hesabu hivyo vinne kabla ya kufunga, maana kimoja ukikisahau hutagundua mpaka kutu itoke. Mdomo wa klipu uangalie nyuma ya mwelekeo wa cheni, na upande wake uliofungwa utangulie, ili kitu kikiigonga isifunguke. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujizungushia sproketi ya mbele na kupasua kasha la injini, au kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Kwa sababu hiyo peke yake, sinunui ya bei ya kutupa.

Nimeitoa kabla ya kikomo chake. Namba 5 ya mwanzo kwenye 520 maana yake pini na pini zimeachana inchi 5/8, milimita 15.875, kwa hiyo nafasi 20 kwenye cheni mpya ni milimita 317.5. Kitabu changu kinasema ukifika 323, toa. Mimi nilipima sehemu tatu, cheni imevutwa ikanyooka: 319, 320 na 321.5. Ilikuwa bado na safari. Lakini pingili mbili zimeganda, ukizikunja kwa mkono zinabaki zimekunjwa, na kwenye pini zake kuna unga mwekundu wa kutu. Vipete vimekwisha pale. Sikuona sababu ya kusubiri.

Sproketi nimebadilisha zote mbili pamoja nayo. Kuna aliyenishauri niiache ya nyuma kwa kuwa “bado ina meno”. Ina meno, ndiyo, ila yamejifunza kukaa na cheni iliyorefuka, na mpya itaumia kuyafundisha upya. Nyuma nimeweka ya chuma, siyo ya alumini. Ni nzito zaidi, na mimi sishindani na mtu.

Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya cheni ya kawaida, na kwangu imeishi zaidi ya mara mbili na nusu, pamoja na mateso niliyoipa. Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya kasha lake.

Mpya nimemaliza kuifunga saa mbili usiku. Nikakaza nati ya ekseli, nikaingiza kotapini, kisha nikamwita mke wangu atoke nje akae kwenye kiti cha mbele, na mwanangu nyuma yake akiwa na mabegi yote mawili. Walidhani tunasafiri. Nikalala chini na rula: milimita 14, na bado inacheza.