Kuhojiwa na daktari wa damu: uzoefu wangu

Nimewapa nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu ninayo.

Nilipelekwa kliniki ya magonjwa ya damu baada ya kipimo kuonyesha chembe zangu zote zimeshuka: nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu. Shaka ilikuwa anemia ya aplastiki, yaani uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kushindwa kutoa chembe za kutosha. Nilitegemea nitachomwa sindano ya kupima uboho siku ileile. Badala yake daktari alivuta kiti, akaanza maswali kama niko kituo cha polisi.

"Nachoka" hakulikubali kuwa jibu. Fizi zilianza kutoka damu lini? Michubuko inatokea bila kugongwa? Homa je, na hedhi imezidi? Halafu tukarudi nyuma miezi sita, dawa moja moja: antibiotiki, hasa kloramfenikoli, dawa za kifafa, za maumivu ya viungo, hadi mitishamba. Bahati nilikuwa na picha za pakiti kwenye simu. Akahamia kazini kwangu: gundi, viyeyusho vyenye benzeni, viuatilifu. Akauliza kama macho yalishawahi kuwa ya manjano, maana homa ya ini inaweza kutangulia miezi kadhaa kabla uboho haujashindwa kazi. Mkojo mweusi asubuhi nao aliuulizia.

Kilichonishangaza ni maswali ya ukoo. Nani aliota mvi kabla ya miaka 30? Nani ana kidole gumba chenye kasoro, au mapafu yaliyokakamaa? Nikamuuliza mvi na damu wapi na wapi. Akanieleza kwamba mambo kama hayo kwenye ukoo huweza kuashiria kuwa tatizo hili la uboho ni la kurithi, kwani wengine huzaliwa nalo, mfano anemia ya Fanconi, na kwao dawa za kushusha kinga kwa kawaida hazisaidii. Hata dozi za kuwaandaa kupandikizwa uboho lazima zipunguzwe. Hakuna aliyewahi kunifafanulia swali namna hiyo.

Pia hakuficha kwamba mara nyingi chanzo hakijulikani, na kwamba maswali peke yake hayathibitishi anemia ya aplastiki mpaka uboho wenyewe upimwe.

Sasa ile nyota. Maswali ya ujauzito na VVU niliulizwa mlango uko wazi, watu wamejaa kwenye benchi nje. Hapo nani atajibu yote? Na ya ukoo wangenipa kwenye karatasi mapema nikaulize nyumbani. Ilibidi nimpigie shangazi mbele ya daktari kumuuliza marehemu babu aliota mvi akiwa na umri gani. Shangazi akauliza kama nimelazwa wodi ya vichaa.