Lushoto hadi Mtae kwa miguu, siku tatu

Kilimanjaro nimeitamani miaka mingi. Kwa Mtanzania kiingilio si tatizo. Kinachomaliza hela ni wapagazi, mpishi, waongozaji na nguo za baridi za kukodi. Halafu wakati wa msimu njia zake zimejaa watu. Mimi nilitaka kutembea mbali, nikae kimya, nirudi Dar bila deni. Julai nikaenda milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Basi nilipanda Mbezi asubuhi, jioni nikashuka Lushoto. Waongozaji wa pale wote wanaijua njia ya Lukozi, Rangwi hadi Mtae. Mmoja alinitajia bei, tukakubaliana kuwa kila kitu kimo. Kufika Msitu wa Magamba, kumbe kiingilio hakimo. Sisi wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni, lakini iliniudhi. Mwandikishe kila kitu kwenye karatasi kabla hamjaondoka. Zaidi ya hapo sina la kumlaumu.

Nilimwomba jambo moja: atangulie hatua hamsini, asinisemeshe mpaka nimwite. Ndani ya Magamba majani yaliyooza yamelowa, hata hatua zako mwenyewe huzisikii. Mbega walikuwa juu yangu, weusi wenye mabega meupe. Waliporuka, nilisikia tawi likijirudi mahali pake. Nikasimama pale mpaka ukungu ukaanza kudondoka matone kwenye ukingo wa kofia yangu. Muongozaji hakurudi kuuliza kulikoni. Nina watoto watatu na kazi ya zamu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa muda wote ule bila mtu kuniita.

Anayetaka pori tupu asiende huko. Milima ya Wasambaa inalimwa mpaka kwenye miteremko ambayo mimi naogopa hata kuipanda. Ukitoka msituni unaingia kwenye matuta ya kabichi, karoti na viazi, na kila unayekutana naye ana salamu: "Onga mshi." Unajibu "Niwedi," mnapishana, basi. Kwangu mimi salamu hizo hazikupunguza kitu. Zinapita, na njia inabaki yako tena saa nzima.

Lukozi nilikula ugali, maharage na kabichi kwa mama lishe, bei ile ile anayolipa dereva wa lori la mboga. Rangwi nililala kwa masista. Chumba kidogo, kisafi, shuka zinanukia jua, na ndoo ya maji ya moto mlangoni. Blanketi mbili hazikutosha, nikavaa na sweta. Saa tatu usiku nilisikia vyura tu.

Mtae imekaa ukingoni kabisa. Ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaiona Hifadhi ya Mkomazi, tambarare ya rangi ya udongo inayoendelea hadi Tsavo, Kenya. Nilikaa juu ya jiwe tangu saa kumi hadi giza.

Nauli, muongozaji, malazi na chakula, jumla nilitumia laki mbili na themanini hivi. Msiende masika, kuanzia Machi hadi Mei. Njia zinateleza vibaya. Na basi la kurudi Lushoto linaondoka Mtae kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba akugongee mlango.