Uzoefu wangu na bima ya nyumba Lamu: makuti, boriti na fidia ya shilingi 129,000

Nyumba yetu iko Langoni, ndani ya mji wa Lamu. Chini anakaa mama yangu. Juu kuna vyumba viwili vya wageni wanaolipa, na paa la makuti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ya chini imebebwa na boriti za mikoko kama nyumba zote za zamani hapa kwetu. Naeleza hivi mapema kwa sababu kila shilingi niliyolipwa, na kila shilingi niliyonyimwa, imetokana na vitu hivyo vitatu: makuti, chokaa na boriti.

Bima nilinunua Januari 2024 kupitia ajenti. Kampuni sitaitaja. Kampuni mbili za kwanza zilikataa mara tu ziliposikia neno makuti. Ya tatu ilikubali kwa masharti: mitungi miwili ya kuzimia moto, jiko la gesi liwe chini na si juu, na ada kubwa kuliko ya nyumba ya mabati. Sikuona uonevu hapo. Aliyewahi kuona makuti yakishika moto kwenye vichochoro hivi, ambapo gari la zimamoto haliwezi kupita, hatabishana na sharti hilo.

Niliandikisha nyumba kwa milioni 3, na ada ikaja 21,000. Juu yake kuna makato madogo ya kisheria: asilimia 0.2 ya ada kwa mafunzo ya bima, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika, na shilingi 40 za stempu. Jumla nililipa 21,134 na senti 50. Milioni 3 niliitaja kwa sababu ndiyo iliyonipa ada ninayoimudu. Ajenti aliandika bila kuuliza. Kosa hili nitalirudia hapo chini, maana ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jambo moja nililifanya sawa. Jamaa walinishauri nisiwataje wageni, niseme ni nyumba ya familia tu, ada ishuke. Nikakataa, nikaandika wazi kwamba juu tunapangisha.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Idara ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa pwani yote kwa sababu ya kimbunga Hidaya. Kimbunga chenyewe kilitua Mafia, Tanzania, tarehe 4. Sisi tukashusha pumzi, na hapo ndipo tulipojisahau. Mei ni mwezi wa masika kukolea na kusi kushika nguvu, kimbunga kije kisije. Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi, mvua ikinyesha, upepo uliinua makuti ya upande wa baharini, ukayatoa safu baada ya safu mpaka fito zikabaki wazi. Maji yakajaa sakafu ya juu, yakatafuta njia, yakashukia chumbani kwa mama. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika msahafu juu ya kichwa usilowe.

Asubuhi nilimpigia ajenti kabla ya kunywa chai. Hapa nampa haki yake, aliniongoza vizuri. Aliniambia nipige picha kila kitu kabla ya kugusa, nisitupe hata kuti moja, nifunike paa kwa turubai ili hasara isiongezeke, na nitunze risiti ya turubai kwa sababu nayo inadaiwa. Mkataba unamtaka mwenye nyumba azuie uharibifu usiendelee. Ukiacha maji yaingie siku tatu ukimsubiri mkaguzi, hizo siku tatu ni zako.

Mkaguzi wa hasara alifika siku ya sita, kwa boti kutoka Mokowe. Kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama, akavua viatu, akaanza kazi. Swali lake la kwanza lilikuwa la wageni: wanalipa? Nikamwonyesha mkataba, limeandikwa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Ningekuwa nimeficha, naamini safari yake ingeishia pale mlangoni.

Halafu akatoa bisibisi mfukoni. Akapanda ngazi, akaigusisha kwenye boriti moja karibu na inapoingia ukutani, akasukuma kidogo tu. Ikazama kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ikagoma, ngumu kama chuma. Akaniambia, “Dada, hizi mbili si za usiku ule. Hizi zina miaka.” Akanionyesha ukuta: nje, miaka ya nyuma, fundi fulani alipiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia hutoka. Saruji huufungia ndani, na boriti iliyochomekwa humo huoza taratibu kuanzia kichwani, huku ukiiona nzima kwa chini.

Hapa ndipo nilipoielewa bima ya nyumba. Inalipa kilichokuja ghafla: moto, radi, dhoruba, bomba kupasuka. Hailipi kilichochakaa, kilichooza, kilicholiwa na mchwa au na chumvi. Na kwenye nyumba zetu za pwani hivyo viwili huja pamoja usiku mmoja, kisha mkaguzi huvitenganisha kwa bisibisi. Nilidai 310,000. Boriti mbili na kazi yake, 70,000, zikakatwa. Zikabaki 240,000.

Kisha likaja lile la milioni 3. Mkaguzi alikadiria kwamba kuijenga nyumba upya, kwa mawe, chokaa na boriti kama Makumbusho ya Taifa yanavyotaka ndani ya mji huu uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, ingegharimu milioni 5. Mimi nilikuwa nimelipia asilimia 60 ya nyumba, kwa hiyo na wao wakalipa asilimia 60 ya hasara. Nilidhani kanuni hiyo ni ya nyumba ikiteketea yote. Kumbe hata paa likitoka upande mmoja inahesabiwa. 240,000 zikawa 144,000. Wakatoa 15,000 ambazo mwenye nyumba hubeba mwenyewe kwa kila dai. Nikapokea 129,000, siku ya 71 tangu niripoti. Sheria inawapa siku 90, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia hapo.

Lalamiko langu ni moja na nalisema waziwazi: ajenti alipaswa kuniuliza gharama ya kujenga upya siku ile ya kwanza. Niliokoa 14,000 za ada nikapoteza 96,000 za fidia. Nilipoandika barua kampuni ilijibu kwa heshima kwamba kiasi kilikuwa changu kukitaja. Ni kweli. Lakini mtu hawezi kutaja asichokijua, na bei ya soko haisaidii, kwa kuwa inahesabu na kiwanja, ambacho upepo hauwezi kukichukua. Muulize fundi anayejenga kwa mawe ya kwenu, akupe hesabu ya kusimamisha kuta hizo leo.

Nilibaki na kampuni ileile. Sasa nimeandikisha milioni 5, ada 35,000. Kaka yangu, kwa sababu za dini, amechukua takafuli, ambako wenye bima huchangia mfuko wa kusaidiana. Namheshimu kwa hilo, na nimemwambia aulize maswali yaleyale. Walio karibu na gati waulize pia kama maji ya bahari yameandikwa. Kwenye mkataba wangu bahari ina mstari wake peke yake, mbali na mafuriko ya mvua, na nisingeuona kama nisingesoma ukurasa kwa ukurasa. Kuhakikisha kampuni ina leseni, orodha iko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima.

Nyumba nayo tunaitayarisha kila Februari, kaskazi ikiwa bado imetulia. Tumetandaza nyavu kuukuu za uvuvi juu ya makuti na kuzifunga kwenye fito. Mei iliyofuata kusi ilivuma na halikutoka kuti hata moja. Milizamu inasafishwa, kwa sababu mmoja ulikuwa umeziba kwa vipande vya makuti usiku ule, na ndiyo sababu maji yalituama juu badala ya kumwagikia kichochoroni. Napiga picha kila boriti kichwani, inapoingia ukutani, na picha zinabaki kwenye simu zikiwa na tarehe zake.

Saruji ya ukuta wa nje bado tunaibandua, kipande kwa kipande, kwa nyundo ndogo. Fundi amefika dirisha la pili. Nyuma ya saruji kuna chokaa ya babu, nyeupe, na bado inatoa maji ukiigusa.