Antena ya sumaku au ya kutoboa paa?

Kwa gari la watalii lenye redio ya VHF (redio ya mawasiliano ya masafa ya juu sana), swali hili hurudi kila antena inapochakaa. Kwa gharama ya mwanzo, ile ya sumaku inashinda, kwani huwekwa juu ya paa bila fundi wala tundu, na gari likiuzwa huhamishiwa jingine.

Katika uimara mambo hubadilika. Kebo ya antena ya sumaku hupitishwa mlangoni, na kila mlango unapofungwa hubanwa hadi ganda lake lipasuke, maji yaingie na waya wa ndani uote kutu, hali ambayo dereva huitambua pale tu anapoacha kusikika. Vumbi linalonaswa chini ya sumaku nalo huparuza rangi, ndipo bati linapoanza kuliwa. (Paa la alumini, kama la Land Rover Defender za zamani, halishiki sumaku kabisa.)

Antena iliyofungwa kwa kutoboa hupata mguso thabiti na bodi, hivyo mawimbi yake huwa ya kutegemewa zaidi. Na fimbo yake, ya takriban sentimita 50 kwa masafa ya megahezi 150, ikivunjwa na matawi hufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Hata hivyo, mpira wa kuzibia hukauka kwa jua, na usipobadilishwa mapema paa huvuja.

Anayetumia gari la kukodi achague sumaku, akague kebo mara kwa mara. Anayeshinda porini mwaka mzima kwa gari lake mwenyewe atoboe.