Uzoefu wangu National Gallery of Art, Washington: sonara aliyegeukia udongo

Wageni wengi wakiingia National Gallery of Art, jumba la sanaa hapa Washington, hukimbilia picha moja, Ginevra de' Benci, kwa kuwa ndiyo picha pekee ya rangi ya Leonardo da Vinci inayoonyeshwa kwa umma katika Amerika zote mbili. Waione, inastahili. Mimi kinachonirudisha ni kazi ya udongo ya mwalimu wake, Andrea del Verrocchio.

Verrocchio alizaliwa Florence, Italia, yapata 1435. Baba yake alikuwa mchoma matofali na vigae kabla hajawa mtoza kodi. Kijana akaingia usonara. Mwaka 1457, alipotoa maelezo yake ya kodi, alisema usonara umekosa kazi. Nilipolijua hilo nilimwonea huruma kweli. Baba yangu mdogo alikuwa sonara Mombasa, na naujua msimu ambao hakuna hata bibi harusi mmoja anayeagiza bangili.

Basi nendeni mkamwone Giuliano de' Medici. Ni sanamu ya udongo wa kuchomwa, kichwa hadi kifuani, kimo chake sentimita 61 hivi. Giuliano ni mdogo wake Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, na ndiye aliyechomwa visu hadi kufa ndani ya kanisa kuu la mji huo tarehe 26 Aprili 1478. Uso ameuinua kwa majivuno ya ujana, na midomo kama inataka kutabasamu. Lakini sogea uitazame deraya, vazi lake la vita. Katikati ya kifua kuna kichwa chenye mabawa, kimeachama kwa ukelele, na hapo ndipo utamwona sonara. Ni nakshi ya mtu aliyezoea kupitisha tindo kwenye fedha, mahali ambapo mkono ukiteleza kidogo tu kazi imeharibika.

Tangu nianze kujifunza ufinyanzi naiheshimu sanamu hii zaidi. Udongo mzito hivyo hauchomwi ukiwa umejaa. Sharti uchimbwe ndani, kuta zikaribiane unene, kisha ukauke polepole, la sivyo unyevu uliobaki unaupasua tanurini. Sonara tayari ana subira ya aina hiyo. Tena ameshazoea kuumba kitu kwa nta kabla ya kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa, kwa hiyo vidole vyake vinajua kujenga umbo kabla madini hayajaguswa. Ndiyo maana siamini kwamba Verrocchio aliuacha usonara. Aliuhamishia kwenye kitu cha bei nafuu ambacho hakihitaji kupimwa kwenye mizani kila jioni.

Ipo pia sanamu ndogo inayonasibishwa naye, mtoto aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya tufe. Hiyo ni ya udongo mbichi, haijawahi kuonja moto, na imetufikia baada ya miaka zaidi ya 500. Kwangu hiyo ndiyo ajabu kubwa kuliko Ginevra. Verrocchio mwenyewe alifariki Venice mwaka 1488, na sanamu yake maarufu ya jemadari Colleoni juu ya farasi ilikuwa bado haijasubiwa. Wengine ndio walioimalizia kwa shaba nyeusi.

Kuhusu huduma: kiingilio ni bure, na pamefunguliwa kila siku isipokuwa tarehe 25 Desemba na 1 Januari. Ukija kwa treni ya Metro shuka kituo cha Archives, kisha ulizia jengo la magharibi, West Building. Mabegi yanakaguliwa mlangoni. Kazi huhamishwa mara kwa mara au kuazimwa kwingine, kwa hiyo tazama tovuti yao kabla hujatoka nyumbani. Piga picha, ila zima flashi.

Kama wewe ni sonara, mfinyanzi au unajifunza mojawapo, usianzie mbele ya Giuliano. Simama ubavuni, mwanga ukupitie kando, ndipo mikato ya nywele na ukingo wa deraya vitakapojitokeza.