Vikorokoro vya snoubodi nilivyonunua Memorial nikapanda navyo Kibo

Niseme mapema mi sijawahi kupanda snoubodi, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji, na sidhani kama Moshi nzima kuna mtu anayo, barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, tunaiona kwa mbali asubuhi mawingu yakikubali, basi. Ila yeyote aliyewahi kuzunguka Memorial, soko letu la mitumba, siku belo zinafunguliwa anajua nguo za ule mchezo zinashuka pale kwa wingi, majaketi mapana ya rangi za kuwaka, masuruali yanayosimama yenyewe, glavu kubwa kama za golikipa. Wanazichoka huko Ulaya na Marekani, zinafungwa kwenye belo, zinatua kwetu, na wagumu (wapagazi, kwa ambao si wa huku) ndio wanazirudisha kwenye baridi.

Sasa Desemba kikoba chetu tuliamua tupande, watu tisa, ile misafara ya Watanzania ya kuelekea tarehe 9 siku ya Uhuru, njia ya Marangu siku sita. Nikaenda duka moja la kukodisha vifaa mjini nikapigiwa hesabu ya jaketi, suruali, glavu, miwani, gaita (kitambaa cha kuziba juu ya buti), nikaangalia ile karatasi nikamrudishia kaka wa watu kwa adabu zote. Mdogo wangu ni mgumu, mwaka wa saba huu anabeba, akaniambia dada usihangaike twende Memorial, chukua za snoubodi, ni pana unavaa nguo tatu ndani na bado unapiga hatua, za skii zinabana. Nikatoka na mfuko mzima kwa hela ambayo ingenikodishia jaketi na suruali tu. Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza shosti ulivaa nini kule, na pia kwa sababu kuna vitu nilinunua vikawa upuuzi mtupu, na kimoja nilikiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nianze na hicho kilichoniuma. Jaketi nililopata lilikuwa zuri, zipu zote zima, na ndani kiunoni kuna kitambaa kama sketi fupi, kina lasitiki na vifungo vya kubonyeza mbele. Nikavaa nikaona kinaning'inia nikadhani ni bitana imechomoka, au ni mambo ya wazungu tu. Nikampelekea fundi cherehani hapo hapo sokoni nikamwambia kaka nitolee hiki, akauliza mara mbili "una uhakika dada?" nikamjibu kwa kujiamini kabisa, akachukua mkasi, elfu mbili yake, kwisha. Nafika nyumbani namwonyesha mdogo wangu akashika kichwa. Kumbe ile sketi ndiyo roho ya jaketi la snoubodi! Hawa watu wanaanguka sana kwenye theluji, sasa ile kitu inabana kiuno theluji isipande mgongoni, wengine wanaiunganisha kabisa na suruali. Sisi hatuanguki kwenye theluji lakini upepo wa kule juu hauulizi, unaingia kwa chini kama maji ya mfereji. Toka Gilman's Point, pale ukingo wa kreta, hadi kilele cha Uhuru nilikuwa nimejifunga kanga tumboni juu ya sweta la flisi, kila mtu aliyenipita anacheka, mi nacheka na meno yanagongana. Kwa hiyo ukikuta jaketi lina sketi, ongeza hata elfu tano, na mkasi usisogee karibu. Zipu za kwapani nazo ziangalie, siku ya kwanza msituni kwenda kambi ya Mandara unatoka jasho kama umebeba ndizi, ukizifungua unapumua bila kuvua kitu.

Glavu. Hapa ndo sina mjadala. Chukua zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, siyo za kila kidole na nyumba yake, kwa sababu vidole vikiwa pamoja vinapeana joto. Nilizipata elfu nane, moja ina doa la kitu kama rangi, sijali. Sasa kuna vitu viwili vidogo kwenye glavu za snoubodi ambavyo mimi nilikuwa naviona ni urembo. Cha kwanza ni kamba, kila glavu ina kamba laini ya kuvaa mkononi kama bangili, hivyo ukivua inabaki inaning'inia. Nilitaka kuzikata (mkasi ulishanizoea), mdogo wangu akanipokonya. Usiku wa kilele pale juu ya pango la Hans Meyer, kama mita 5,150 hivi, mwenzetu mmoja alivua glavu atoe peremende mfukoni, akaiweka gotini sekunde mbili, upepo ukaichukua, tukaiona kwenye mwanga wa tochi inashuka inazunguka kama jani, na haikurudi. Alipanda mkono mmoja ndani ya soksi. Mi zangu nilivua mara kumi na zote zilirudi nyumbani. Cha pili ni kile kipande laini mgongoni mwa kidole gumba, kama kitambaa cha suedi. Nimekishangaa weee, kumbe ni cha kufutia pua! Nacheka lakini kule juu pua inachuruzika bila likizo, na tishu ukiitoa mfukoni imeshaloa, gumba likafanya kazi usiku mzima. Aliyebuni kile kipande Mungu ambariki, hakika naye alikuwa na mafua.

Miwani ya theluji, zile za kufunga kichwani na lasitiki, kama za fundi wa kuchomelea. Hapa nina maneno mengi. Nilichukua ya kioo cheusi chenye kung'aa kama kioo cha kujitazamia kwa sababu kwenye picha inapendeza, elfu kumi na tano. Tulitoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita kasoro usiku, nikaivaa kwa ajili ya vumbi na upepo, aisee nilikuwa kipofu. Tochi ya kichwani inawaka lakini naona kama niko ndani ya chungu. Halafu nilikuwa nimevaa boshori limefunika pua, pumzi ikawa inapanda juu inaingia kwenye miwani, kioo kikafanya ukungu, ukungu ukaganda kwa ndani, nikawa nakwangua kwa kucha. Gaidi wetu (kiongozi wa mlima, siyo yule mwingine) akaniambia mama weka hiyo kwenye begi, itakuja zamu yake. Watu wa snoubodi wana vioo viwili, cheusi cha jua kali na cha njano au chungwa cha siku ya mawingu, kwa hiyo cheusi usiku ni kujitesa.

Na zamu yake ikaja kweli. Tumefika Gilman's, mita 5,685, jua linachomoza upande wa kilele cha Mawenzi, na usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imeanguka theluji mpya. Ile nuru ikipiga chini inarudi juu inakupiga chini ya kidevu, hujui jua liko wapi. Kila unavyopanda mita 1,000 ile mionzi mibaya ya jua inaongezeka kama asilimia 10 hivi, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 yake, ndo maana miwani ya fasheni ya pale stendi haitoshi, inapitisha pembeni. Mwenzetu mmoja alikuwa nayo hiyo ya stendi, tukiwa kileleni anapiga picha anafurahi, jioni tumeshashuka kambi ya Horombo ndo anaanza kulia, macho mekundu, anasema kama ametiwa mchanga, kalala amefunikwa kitambaa chenye maji mpaka asubuhi. Mimi na kioo changu cheusi nilikuwa naona mpaka nyufa za barafu. Kwa hiyo miwani ni ya lazima, ila iende begini mpaka jua litoke, na boshori lisipande puani ukiivaa.

Vipakiti vya joto vya mikononi, vile unavyopasua na kutikisa. Hivi havikutoka Memorial, nilinunua duka jingine pakiti sita, na ntasema ukweli nilipigwa, tarehe ilikuwa imepita na kibandiko cha bei kimewekwa juu yake makusudi. Viwili havikuwaka kabisa. Lakini hata vilivyo vizima kuna siri haiandikwi kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Ndani ni unga wa chuma, unapata joto ukikutana na hewa, ni kama kutu inayokimbia. Sasa kule kileleni hewa imebaki kama nusu ya ya pwani, na wewe umekifungia ndani ya glavu nene isiyopitisha kitu, kitawakaje? Mdogo wangu huwa anavifungua tukiwa bado kwenye chai ya usiku, anavitikisa, anaviacha mfuko wa jaketi nusu saa vishike moto kwanza. Vyake vilikuwa vya moto kabisa, vyangu vilikuwa vuguvugu kama maziwa yaliyosahaulika. Ukiniuliza ni anasa, glavu nzuri ikiwepo utaishi, ila kama vidole vyako huganda haraka beba viwili, soma tarehe.

Mfuko wa maji wenye mrija, ule wa kuvaa mgongoni, kwa mchana ni raha sana, Mandara hadi Horombo unakunywa bila kusimama. Usiku wa kilele mrija uliganda hata saa mbili hazijaisha. Nanyonya, hakuna, napuliza, hakuna. Lita mbili za maji mgongoni na koo limekauka, si mateso hayo jamani. Nilichokunywa mpaka juu ni cha ile chupa ngumu ya mdogo wangu, kaivalisha soksi ya sufu na kaiweka kichwa chini kwenye begi. Nikamuuliza mbona umeipindua, akasema maji yanaanza kuganda juu, ukiipindua barafu inakaa kwenye kitako na mdomo unabaki wazi. Darasa la saba yule, mi nina diploma.

Suruali ya snoubodi elfu ishirini na tano, nzito kidogo, ila makalioni na magotini ina kitambaa cha kuzuia maji maradufu kwa sababu wao wanakaa chini kwenye theluji kufunga buti kwenye ubao. Sisi tunakaa kwenye mawe kila dakika kumi tukihema, matokeo ni yale yale. Chini miguuni ina gaita ya ndani, lasitiki inabana buti, hivyo nikaokoa hela ya kukodi gaita, na wakati wa kushuka Gilman's hadi Kibo kwenye ule mchanga wa kokoto, unateleza kama uko kwenye rundo la mahindi, haikuingia hata kokoto moja. Wenzangu walivua buti Kibo wakamwaga changarawe ya kujengea choo.

Yaliyobaki sitapoteza muda. Shemeji mmoja wa Arusha alinunua kaptula yenye sponji za makalio, ile ya kujikinga ukianguka, tukamcheka njia nzima anatembea kama bata, mapaja yakamchubuka kabla ya Horombo akaivua. Kwenye kushuka akaanguka kitako mara nne kwenye kokoto, na kaptula iko kwenye dafo, lile begi anabeba mpagazi. Huyo huyo alibeba na helmeti. Labda ungekuwa unapita njia ya Western Breach ambako mawe huporomoka ningekuelewa, Marangu ni kumwongezea mpagazi mzigo tu, na mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, kila kipuuzi chako kinamnyima nafasi ya kitu cha maana.

Halafu kuna kile kibandiko cha mpira chenye vijino vijino. Muuzaji aliniapia ni cha kubandika chini ya buti usiteleze, mangi anaapa mpaka kwa mama yake, nikatoa elfu tatu. Kumbe kinabandikwa juu ya ubao wa snoubodi ili mguu wa nyuma usiteleze ukiwa haujafungwa. Chini ya buti kilidumu kutoka getini hadi daraja la kwanza. Cha pili nimekibandika kwenye kizingiti cha bafuni nyumbani, hapo kimeshika kweli, mama anakisifia kila akitoka kuoga.

Ningepanda tena ningechukua jaketi lenye sketi yake, suruali ile ile, miwani ile ile na tochi nzuri. Na glavu zile zile kama ningekuwa nazo, maana mdogo wangu aliniazima safari moja tu mwezi wa kwanza, nimeshamuuliza mara tatu, jibu ni lile lile, "ziko Horombo dada, zinakuja."